Hoja ya Kabati la Mwalimu Mkuu

Mjomba hakuwa na ugomvi na falsafa. Watu wasome wapendacho, alisema siku zote, ilimradi wasimsomee yeye. Ugomvi ulianza siku falsafa ilipopewa kiti ofisini kwake na kuanza kupokea simu.

Kiti chenyewe alikikalia mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu. Chuo kilikuwa kimebuni mpango wa likizo ndefu: asubuhi wanafunzi wa falsafa wakae na mhadhiri wao wajadiliane, mchana waende kwenye ofisi za watu wakafanye kazi kama wafanyakazi wengine, na kila walichojadili asubuhi wakijaribu mchana. Wenzake walipata benki, wengine hospitali. Yeye alikuwa mzito wa kuomba, na nafasi zilipokwisha dada mtu akampigia simu mdogo wake. Hakumwomba. Alimwambia tu, "Mwanao anakuja Jumatatu," na kwa kuwa ndiye aliyembeba Mjomba mgongoni enzi za utoto, hapakuwa na la kujibu.

Jina la Mjomba si la huyu binti peke yake. Kila mtu alimwita hivyo, kuanzia wabebaji wake mpaka wateja, na hata mkewe alipokuwa na hasira. Alikuwa na kampuni ya kuhamisha vyombo. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo: chumba chake kidogo chenye mlango usiofungika vizuri, ukumbi wenye meza mbili, na stoo iliyojaa maboksi yaliyokunjwa, kamba, mikanda ya gundi, na mablanketi ya kufungia vyombo ili visichubuke njiani. Meza moja ilikuwa ya Mhasibu, mama wa makamo ambaye kikombe chake cha chai hakikuwahi kuonekana kitupu. Meza ya pili alipewa binti, pamoja na simu. Dereva, mtu wa maneno mengi, alimtazama siku ya kwanza akiandika jambo kwenye karatasi kisha akilifuta, akaandika tena akafuta tena, akamwita Profesa. Jina likashika.

"Kazi ya simu ni nyepesi," Mjomba alimwelekeza. "Mteja akilalamika, unamwambia pole, samahani, tutalishughulikia. Basi."

"Na kama sijajua analalamikia nini, Mjomba? Hiyo samahani itakuwa ya nini?"

"Itakuwa samahani ya akiba."

Binti alicheka, lakini hakukubali. Asubuhi ile ile mhadhiri wao alikuwa amewapa kanuni moja ya kwenda nayo kazini: usimjibu mtu mpaka kwanza uiseme hoja yake vizuri kuliko alivyoisema mwenyewe, na yeye akiri kwamba ndiyo hiyo. Ikiwa ina ufa, uzibe. Ikiwa imelegea, ikaze. Baada ya hapo ndipo uwe na ruhusa ya kubishana naye. Kwenye darasa, kanuni kama hiyo haimdhuru mtu. Wanafunzi hubishana, kengele ikalia, wakaenda kula.

Ofisini kwa Mjomba, mwezi ule, hapakuwa na nafasi ya mchezo. Kampuni nyingine yenye malori mapya ilikuwa imefungua mlango upande wa pili wa mji, na wateja walikuwa wakimiminika huko. Mjomba alibakiwa na tumaini moja. Nyumba za zamani za walimu wastaafu zilikuwa zivunjwe, na walimu wote wahamie kwenye maghorofa mapya yaliyojengwa kwa ajili yao. Nani angewahamisha? Hilo lilikuwa mikononi mwa kamati yao, na kamati ilikuwa mikononi mwa mwenyekiti wake, Mwalimu Mkuu mstaafu, bibi mwembamba aliyenyooka, ambaye watu wenye mvi waliwahi kusimama mbele yake wakiwa na kaptula.

"Mimi nitatangulia," aliiambia kamati. "Huyu mnayemwita Mjomba atanihamisha mimi kwanza. Nikifika salama na vyombo vyangu, atawahamisha nyote. Nisipofika salama, tutatafuta wengine."

Akahamishwa. Kikao cha kuamua kiliwekwa Jumamosi. Mjomba akipata kazi ile, kampuni ingepumua mwaka mzima. Akiikosa, alikuwa ameshajiapia kwamba mwisho wa mwezi atawaita wabebaji wake, watu aliokaa nao miaka na miaka, awaambie waende wakajitafutie. Hakuna aliyejua hilo ila Mhasibu, kwa sababu mhasibu hafichwi. Hao wabebaji wenyewe walikuwa wakigombania tu nani aketi mbele kwenye lori.

Alhamisi, simu ikalia. Mjomba, aliyekuwa chumbani kwake, akasikia mpwa wake akisema, "Shikamoo, Mwalimu," na masikio yakamsimama.

Mwalimu Mkuu alikuwa na malalamiko. Kabati lake la nguo lilikuwa na mkwaruzo ubavuni. Alilieleza hilo kwa ukali, kwa kifupi, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Mjomba akangoja kusikia pole. Akangoja samahani. Badala yake akasikia:

"Subiri kidogo, Mwalimu. Kabla sijakujibu, niruhusu niiseme hoja yako nione kama nimeielewa. Kabati lilitoka kwako likiwa zima. Lilifika limekwaruzwa. Kati ya kutoka na kufika hakuna aliyeligusa isipokuwa watu wetu. Kwa hiyo tuliolikwaruza ni sisi. Nimekosea?"

Inaonekana hakukosea.

"Lakini Mwalimu, hapo pana ufa. Mtu anaweza kukwambia labda mkwaruzo ulikuwepo tangu zamani, ila hukuuona. Wewe huna cha kumjibu. Mimi ninacho. Siku ile mablanketi yetu nilikuwa nimeyafua mwenyewe, nikayaanika juu ya paa, hayajakauka. Kabati lako lilisafiri bila kufungwa. Kwa hiyo hoja yako ina nguvu kuliko ulivyodhani."

Kikombe cha Mhasibu kiliganda katikati ya meza na mdomo. Mjomba alitoka chumbani akipunga mikono yote miwili, kama mtu anayezuia lori lisirudi nyuma likamponda. Alikuwa amechelewa. Upande wa pili wa simu sauti iliuliza jambo fupi, binti akajibu kwa sauti ya chini, na simu ikakatwa.

"Kasemaje?" Mjomba aliuliza.

"Kauliza kama nafanya kazi hapa. Nikamwambia ndiyo, kwa muda."

"Kwa muda! Hapo umesema kweli. Halafu?"

"Halafu akasema kesho anakuja."

Mjomba alikaa kwenye boksi. Boksi halikuwa na kitu ndani, likabonyea, naye akabonyea nalo. "Mwanangu," alisema kutoka huko chini, "wewe ni wakili wa nani?"

"Si wa mtu, Mjomba. Mhadhiri anasema ukimshinda mtu wakati hoja yake ni dhaifu, umeshinda kivuli chake."

"Mimi sitaki kushinda vivuli! Nataka kuhamisha walimu!"

Akamwamuru aiache simu kama ilivyo, aende stoo, akunje mablanketi mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Binti akaenda akiwa ameinamisha kichwa. Hakuwa mkaidi. Sura ilikuwa imemshuka kabisa, na Mjomba aliiona, lakini mtu anayezama haangalii nani kalowa. Alichukua simu yake ya mkononi akampigia dada yake.

"Dada, mwanao amenimaliza."

"Wangu? Juzi si ulisema kachukua akili za ujombani?"

"Mchuma janga hula na wa kwao, Dada. Nakwambia hili tutalila wote."

"Basi kuleni," dada mtu alisema. "Ukishiba mrudishie simu yake mtoto. Na usimpigie kelele, usiku hali chakula akipigiwa kelele." Akakata.

Usiku ule Mjomba mwenyewe ndiye hakula. Alilala akitafuta maneno. Asubuhi alifika ofisini na kopo la vanishi, brashi mpya, na hotuba ya kuomba radhi aliyoikariri mpaka ikawa laini. Mhasibu akafagia chini ya meza, mahali ambapo ufagio haukuwa umefika tangu mwaka uanze. Dereva akaambiwa akae karibu na mlango, asiseme neno ila akiulizwa.

Alasiri, ngazi zikaanza kulia: hatua moja, kimya, hatua nyingine. Mwalimu Mkuu hakuwa na haraka. Alipotokea mlangoni wote walisimama, na hata Dereva, ambaye hakuwahi kusoma shuleni kwake, alificha mikono mgongoni. Bibi alikuwa amevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata kama kisu. Aliketi, akakataa chai, akaweka mkoba mapajani.

"Mwalimu," Mjomba alianza, "kwa niaba ya kampuni, na kwa unyenyekevu mkubwa, naomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya mkwaruzo, Mwalimu. Vanishi hii hapa. Naja kuupaka mimi mwenyewe."

"Mkwaruzo ule hauzidi kidole changu."

"Basi... radhi ya usumbufu."

"Usumbufu gani?"

Hotuba ilikuwa na kurasa mbele, lakini hakuna hata moja iliyojibu swali hilo. Mjomba akalisogeza kopo la vanishi karibu naye.

"Mwite yule binti wa simu," Mwalimu Mkuu alisema.

Mungu wangu, Mjomba aliwaza, kumekucha. Akaita. Binti alitoka stoo na nyuzi za blanketi kwenye nywele, akaamkia, akasimama karibu na meza yake bila kuthubutu kuketi.

"Kaa," bibi alimwambia. "Jana ulinitengenezea hoja yangu vizuri sana. Nililala nikiifikiria. Ilikuwa imenyooka, haina pa kuipigia. Nikaigeuza huku na huku, nikagundua kitu kimoja. Haikuwa yangu."

Binti alisahau kuogopa. "Yako ni ipi, Mwalimu?"

"Ningekuwa naweza kuisema, ningeisema kwenye simu."

Basi binti akaanza kuitafuta, na Mjomba akakaa akisikiliza kama mtu aliye kwenye gari linaloendeshwa na mwanafunzi wa udereva. Watu wetu walikukosea adabu? Hapana, walikuwa na adabu. Walikuja wamechelewa? Hapana. Kuna kitu kimepotea? Hapana. Umeikumbuka nyumba ya zamani? "Usinifanye mtoto, binti," bibi alisema, na binti akaomba radhi. Kanuni yake ilikuwa imefika ukingoni. Huwezi kuikaza hoja ya mtu ambaye hataki kukupa hata ncha ya kamba.

Mjomba, ambaye hakuwa na la kufanya ila kutazama, alitazama. Na kwa kuwa alitazama kwa muda mrefu, aliona gauni.

Lilikuwa lile lile. Siku ya kuhama alikuwa amesimama naye kwenye ukumbi wa nyumba ya zamani, akamwona katika gauni hili hili la kijivu, na akajiambia, huyu bibi anajua mambo, kavaa lisilojali vumbi. Watu hufanya hivyo. Siku ya kuhama mtu huvaa nguo asiyoionea uchungu, kesho yake akafungua kabati akarudi kuwa yeye. Lakini hapa mwanamke aliyetembea maisha yake yote mbele ya macho ya wanafunzi na wazazi alikuwa amekuja kwenye ofisi ya watu, kwa shughuli nzito, akiwa na gauni la kuhamia, limefuliwa na kupigwa pasi na kufuliwa tena.

Mjomba hakuwa amesoma mantiki. Alichokijua ni makabati.

"Mwalimu," alisema polepole, "lile kabati la nguo, watu wangu waliliacha limetazama wapi?"

Bibi aliufungua mkoba wake, akaufunga.

"Ukutani," alisema.

Hapo Mjomba akaliona lote. Chumba kikiwa chembamba, wabebaji huingiza kabati kwanza, wakaligeuzia uso ukutani ili milango isifunguke wakati kitanda kinapita. Kitanda kikishakaa, wanaligeuza. Ni kazi ya dakika. Safari hii hawakuligeuza, na tangu siku ile nguo zote za Mwalimu Mkuu, mashuka yake, mablanketi yake, vilikuwa nyuma ya milango iliyobanwa ukutani, na yeye yuko upande huu wa mbao, peke yake, hawezi kulisogeza.

Dereva hakuweza kujizuia. Heshima ya kazi yake ilikuwa imeguswa. "Lakini Mjomba," alisema kutoka mlangoni, "sisi tulitaka kuligeuza! Ni Mwalimu mwenyewe aliye..."

"Dereva!" Ilikuwa sauti ya binti. "Lori lako limezuia gari la watu huko chini. Nimesikia honi."

"Honi? Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kimbia."

Dereva akakimbia. Hapakuwa na honi. Mhasibu alijua, Mjomba alijua, na kwa jinsi Mwalimu Mkuu alivyoinua uso kumtazama yule binti, huenda yeye alijua kuliko wote. Aliyekuwa tayari jana kuiuza kampuni ya mjomba wake kwa ajili ya hoja iliyonyooka, leo ameisikia hoja ya kweli kabisa ikija mlangoni, ameifungia mlango usoni. Funika kombe mwanaharamu apite, waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Mjomba alitamani kumkumbatia.

Akageuka kwa bibi. "Hilo ni kosa letu, Mwalimu, na ni kosa baya. Kabati lile si la mtu mmoja kulisogeza. Watu wanne wenye nguvu hulitolea jasho."

Walikuwa wawili waliolibeba, na mmoja wao alikuwa akipiga mluzi. Binti aliyajua hayo. Alitazama dirishani kwa makini sana.

"Ni zito kiasi hicho?" bibi aliuliza.

"Zito kupita kiasi."

Mwalimu Mkuu alishusha pumzi, na mabega yake, yaliyokaa wima tangu aingie, yakashuka pamoja nazo. "Mwanangu anakaa mbali," alisema. "Anataka niende kwake. Kila akipiga simu ananiambia, Mama, umri wako si wa kuishi peke yako. Nikamwambia naweza. Nikawaambia na walimu wenzangu, njooni, mimi nimeshatangulia, ni rahisi. Sasa ningemwita nani anigeuzie kabati? Jirani? Jioni maneno yangekuwa yamefika kwa mwanangu." Akanyoosha kipande cha gauni kwenye goti. "Na kesho nina kikao, mbele ya watu wote, na sina nguo."

"Unaweza, Mwalimu," Mjomba alisema. "Kuishi peke yako si kubeba makabati. Mimi nina mke na watoto nyumba nzima, na kabati langu halijasogea tangu nioe."

Bibi alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, kama kilichokaa muda mrefu bila kutumika, lakini Mhasibu alipokisikia akajikuta amemmiminia chai bila kuuliza, na safari hii hakuikataa.

Walikwenda wote kwa lori, bibi ameketi mbele kama malkia na wabebaji nyuma. Mjomba aliwapa amri moja tu, kwa sauti ya chini, walipokuwa wakipanda ngazi za ghorofa mpya: "Ni zito. Mmenisikia? Hata kama si zito, ni zito."

Chumba kilikuwa safi, kinanukia rangi mpya. Kabati lilisimama kwenye kona, limewapa mgongo, linatazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Kitandani palikuwa na pazia lililokunjwa vizuri. Binti aliliona pazia, akaelewa kwamba ndilo alilokuwa akijifunika, na moyo ukamuuma.

Wabebaji wakashika. Mbebaji mkubwa kuliko wote, mtu ambaye angeweza kulibeba kabati lile na bado akabaki na mkono wa kusalimia, aliguna kama anayeng'oa nguzo ya daraja. Mwenzake akaguna zaidi. Dereva, ambaye sasa ameshaelezwa, akasema "Jamani, mgongo wangu!" kabla hata hajaligusa. Mjomba aliwakazia macho wapunguze, maana walikuwa wanaharibu. Kabati likazunguka, likakaa, milango yake miwili yenye vishikio vya shaba ikatazama chumba.

Mwalimu Mkuu alikwenda akaufungua mmoja. Harufu ya nguo zilizotunzwa ikatoka. Alisimama hapo, mkono juu ya mlango, na hakuna aliyemharakisha.

"Tokeni kidogo," alisema mwishowe.

Wakatoka wakangoja kwenye korido. Alipofungua mlango alikuwa mtu mwingine, au tuseme alikuwa yule yule wa siku zote: suti nyeusi, kitambaa cheupe shingoni, viatu vinavyosikika. Wabebaji walijipanga ukutani bila kuambiwa.

"Yule kijana wenu wa lori," alimwambia Mjomba, "leo angeachwa amalize alichotaka kusema, angesema kweli. Waliniuliza kama waligeuze. Niliwafukuza. Niliwaambia nitaligeuza mwenyewe."

"Mwalimu, kuna kweli ambazo hazina haraka."

"Hmm." Akamtazama binti. "Wewe unasemaje, mwanafalsafa?"

"Mimi bado nalifikiria, Mwalimu."

"Fikiria. Umri unao." Akarudi kwa Mjomba, na sauti ikawa ya kazi. "Wenzangu wote ni wazee kama mimi, na wana kiburi kunizidi. Watawafukuza watu wako hivyo hivyo. Sharti langu ni moja. Hakuna anayeondoka kwenye nyumba ya mwalimu mpaka kila mlango umefunguliwa akauona, hata mwenyewe akikufukuza."

"Hasa akinifukuza," Mjomba alisema.

"Basi kesho nitaiambia kamati kwamba nimefika salama. Na kwamba mnaanza wiki ijayo."

Mjomba aliaga kwa adabu zote, akatembea mpaka mwisho wa korido, mahali ambapo hawezi kuonekana. Akakaa kwenye ngazi. Hofu aliyokuwa nayo tangu malori yale mapya yaingie mjini ikamtoka kwa mkupuo, na akalia, machozi ya mtu mzima, bila aibu, akicheka katikati yake. Mpwa wake akakaa ngazi ya chini yake akangoja.

"Nilitunga ile honi, Mjomba," alisema baadaye. "Asubuhi tu nimetetea darasani kwamba uongo haufai hata kidogo. Jumatatu nitamwambia nini mhadhiri?"

Mjomba alijifuta uso kwa kiganja. "Sijui, mwanangu. Hilo ni somo lako, mimi usinichanganye. Mwambie tu kwamba mpaka likizo iishe uko kwangu, na simu ni yako."

Binti alimtazama aone kama ni utani. Haukuwa utani. Akashusha pumzi ndefu kama ya mtu aliyevua viatu vinavyobana, na akaegemeza kichwa kwenye goti la mjomba wake kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

Chini, wabebaji walikuwa wamekwishapanda lorini na kuanza kulalamika. Glavu zimetoboka vidole. Maji ya kunywa yana ladha ya plastiki. Nani kasema yule mkubwa akae mbele kila siku? Na hiyo kazi ya walimu ikija, nani atapanda ghorofa zote zile, au Mjomba anadhani wao ni paka? Mjomba alijibana kati yao kwa hiari, nyuma kabisa, juu ya mablanketi. Hakuwaambia walichokuwa karibu kuambiwa mwisho wa mwezi, na sasa hawangeambiwa kamwe. Mtu anayelalamikia glavu amekusudia kuja kazini kesho. Aliwasikiliza njia nzima, neno kwa neno, na lori liliposimama mbele ya duka la vioo aliwauliza kama kuna mwenye la kuongeza.